Joto Linalopotea Idodi

Miombo ya Idodi inapungua. Tarafa hii ya Iringa Vijijini iko kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kati ya vijiji vyake na hifadhi kuna eneo la jumuiya la MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Mti ukikatwa hapa, anaupoteza mwanakijiji na anaupoteza pia tembo anayevuka mpaka.

Kwanza tuseme kweli kuhusu chanzo. Serikali imewahi kukadiria kwamba Tanzania hupoteza hekta 469,000 hivi za misitu kila mwaka, na sehemu kubwa hufyekwa kwa ajili ya mashamba. Mpishi hapaswi kubebeshwa lawama ya mkulima. Lakini jembe likishapita, kuni na mkaa humaliza kilichobaki, na hapo ndipo kuna hasara inayoweza kuzuilika, kwa sababu sehemu kubwa ya moto huo haipiki kitu.

Idodi si Mufindi yenye baridi. Huku bondeni ni nadra mtu kukoka moto ili aote. Moto ni wa chungu. Hata hivyo, mafiga matatu huingiza kwenye sufuria kama asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Lililobaki huchukuliwa na upepo, hupasha ukuta, hugeuka moshi machoni mwa mpishi. Kuni zikiwa mbichi hali ni mbaya zaidi: karibu nusu ya uzito wa mti uliokatwa leo ni maji, na moto hulazimika kuyachemsha hayo kabla ya kugusa maharage. Mkaa nao huficha hasara yake porini, kwani tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya mkaa.

Sasa chukua jiko la shule ya bweni, makande ya mamia ya wanafunzi, sufuria isiyo na mfuniko, kila siku ya muhula. Hapo ndipo uharibifu unapokusanyika, na hapo ndipo pia nafuu ingeonekana haraka.

Tumejaribu amri. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku, na katazo halikudumu. Baadaye taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini gesi hulipiwa fedha taslimu na husafirishwa kwa barabara ndefu, ilhali kuni mara nyingi huletwa na wazazi kama mchango. Shule isiyo na bajeti ya gesi hurudi kwenye mafiga, amri iwepo isiwepo.

Idodi inajua gharama ya nishati duni shuleni. Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi liliungua, wanafunzi 12 wakafa, na mshumaa wa kusomea ulitajwa kuwa chanzo. Taifa lililia, kisha mjadala wa nishati katika shule za vijijini ukapoa.

Wakati gesi inasubiriwa, kuna kazi isiyohitaji mfadhili mkubwa: banda la kukaushia kuni msimu mzima, kuzipasua ndogo, mfuniko kwa kila sufuria, maharage kulowekwa usiku, na jiko banifu la matofali lenye dohani na kuta zinazokumbatia sufuria. Jiko la namna hiyo likijengwa vizuri hupunguza kuni kwa nusu au zaidi. Bodi za shule na halmashauri ya Iringa ziliweke kwenye bajeti ya mwaka huu, na mzazi anayepeleka mzigo wa kuni shuleni aulize unachomwa kwenye jiko gani.