Usiniulize Tena Kuhusu Mfuko wa Saruji

Swali limerudi Jumamosi iliyopita, safari hii na picha juu yake. Mama mmoja wa Goba anapandisha ghorofa juu ya nyumba yake. Mchoro ulioidhinishwa na manispaa unaonyesha roshani inayotoka mita 1.2 nje ya ukuta. Fundi kaangalia, kaona mita 1.2 haitoshi hata viti viwili na meza ya kahawa, kaitoa hadi 1.8. Zege limeshamwagwa, mirunda bado iko chini yake. Mwenye nyumba ananiandikia: "Shikamoo Injinia. Fundi anasema hakuna shida, ameongeza mifuko mitatu ya saruji na nondo kidogo. Si inafidia?"

Haifidii. Nimeshawajibu hivyo watu wa Kimara na wa Chanika, na safari moja nilijibu msibani nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Leo naandika ili nile pilau kwa amani.

Tuanze na hiyo saruji, maana ndiyo dawa ya kila ugonjwa mjini. Ufa? Saruji. Nguzo imepinda? Saruji. Zege ni mbabe likikandamizwa na mnyonge likivutwa: nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kustahimili kukandamizwa. Ukiongeza saruji, unamwongezea mbabe misuli ambayo hakuwa na shida nayo, na mnyonge anabaki karibu palepale. Tena mchanganyiko wenye saruji nyingi hunata. Saidia fundi akiona koleo linagoma anamimina maji, na maji ya ziada ndiyo yanayolidhoofisha zege kuliko kitu kingine chochote pale saiti. Kwa hiyo mifuko mitatu uliyoinunua imeingia kwa mlango na kutokea kwenye ndoo ya maji. Wanaopaka saruji ya maji juu ya slabu iliyokwisha kukauka siwazungumzii. Hao wanapaka rangi.

Sasa "nondo kidogo". Hapa ndipo watu wanaponikatiza: kama zege ni nyonge kuvutwa na nondo ndiyo dawa, basi nondo zaidi ni dawa zaidi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, uchore mistari ya kalamu ubavuni kutoka juu hadi chini. Ilaze nusu juu ya meza, nusu ikining'inia nje. Bana ile ya mezani kwa kiganja, bonyeza ncha ya nje. Tazama mistari pale kwenye ukingo wa meza. Juu inaachana, chini inasongana. Roshani hupasukia juu. Nondo zinazoiokoa ni zile zilizo karibu na uso wa juu wa slabu, zikapita ukuta na kuingia ndani ya chumba kwa urefu usiopungua ule wa nje, na mara nyingi zaidi. Nondo zilizolala chini ya roshani, hata uzipange kama meno ya kitana, ziko upande ambao hakuna anayevutwa.

Fundi wako si mjinga. Maisha yake yote amemwaga slabu za vyumba, zilizoshikwa na kuta pande zote. Hizo hulegea katikati na kuvutwa upande wa chini, na nondo za chini ndizo zenye kazi. Ana haki ya kujivunia miaka yake ya kazi. Ila roshani ni slabu iliyogeuzwa kichwa chini, na mkono wake unafanya ulichozoea. Hata akizipanga juu kama inavyotakiwa, asipoweka vikalio vya kuzishikilia, vijana wenye ndoo za zege watazikanyaga mpaka zizame. Niliwahi kukuta nondo za juu zimekanyagwa zaidi ya sentimita 5 kwenye slabu ya sentimita 15. Zilikuwepo zote, idadi kamili, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa imepotea.

Halafu kuna ule utetezi wa "ni nusu mita na ushee tu". Beba ndoo ya maji umeikumbatia, kisha inyooshee mkono mbele. Maji ni yaleyale. Kwenye roshani inayoning'inia, nguvu inayoipinda pale ukutani hukua kwa mraba wa urefu: kutoka 1.2 hadi 1.8, urefu umeongezeka kwa nusu, lakini nguvu hiyo imekuwa mara 2.25. Kuinama kwa ncha yake, unene ukiwa uleule, kunakuwa mara 5. Na bado hujajenga kile kiukuta cha tofali cha kuzuia watoto wasianguke, ambacho lazima kikae ukingoni kabisa, mahali pabaya kuliko pote.

"Mbona haijaanguka?" Kwa sababu mirunda ipo. Ikitoka inaweza kusimama miezi, mpaka siku ya kumuaga bi harusi, watu 20 watoke nje kupiga picha.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka hapa Dar es Salaam, likaua watu 36. Ghorofa zake zilikuwa zimezidi zilizoidhinishwa. Nyumba yako ni ndogo, najua, lakini kibali cha ujenzi kina jina lako. Siku alama nyekundu ya X ya kubomoa inapochorwa ukutani, fundi yuko saiti nyingine Kibaha.

Haya, la kufanya. Mirunda isiguswe, na chini yake asilale mtu wala isiegeshwe bodaboda. Simamisha kazi kwa maandishi, hata kwa WhatsApp: taja mchoro unasema nini na yeye amefanya nini. Piga picha tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa na inasomeka. Mwite mhandisi aliyechora, si shemeji anayejuajua. Vipo vifaa vya kutafuta nondo ndani ya zege bila kuvunja. Akipata majibu, njia ni tatu. Kukata kwa mashine kile kilichozidi, kama nondo za juu zipo na ziko mahali pake. Kutegemeza kwa bimu na nguzo zenye msingi wake, baada ya kuchora upya na kurudi manispaa kupata idhini kabla ya kujenga. Au kubomoa na kumwaga upya. Malipo yaliyobaki yakae kwako mpaka hapo. Kama ni mkandarasi aliyesajiliwa, malalamiko yapeleke Bodi ya Usajili wa Makandarasi; kama ni fundi wa mtaani, anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mpatanishwe, ikishindikana mahakamani. Huna mkataba wa karatasi? Usifute ujumbe wala kumbukumbu za malipo ya simu, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu vipokelewe kama ushahidi. Safari nyingine lipa kwa hatua, na hatua ya nondo ikaguliwe kabla toroli la kwanza la zege halijapanda.

Yule mama nilimwambia hayo yote kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mfuko mmoja zaidi wa saruji, wa ile ya bei ghali, hauwezi kusaidia.