Rubani Akighairi Kutua, Mshukuru



Miaka kadhaa iliyopita nilipanda ndege ya abiria kwenda Musoma. Wengi wetu mle ndani tulikuwa tunawahi mazishi Butiama. Tulipofika juu ya ziwa tuliuona mji kwa chini, mapaa yake yanang'aa, kisha wingu jeusi likaufunika. Ndege ikateremka, magurudumu yakatoka, tukajua tumefika. Mara injini zikanguruma, pua ikainuka, tukapanda tena juu. Baada ya dakika chache rubani akatutangazia kwamba tunakwenda kutua Mwanza.

Ikawa manung'uniko. Mzee mmoja akasema, "Kijana huyu ni mwoga." Nami, mtu mzima mwenye kalamu mfukoni, nikaitikia kwa kichwa. Tulilala Mwanza, alfajiri tukadandia basi, tukapita Lamadi na Bunda, na tulipofika Butiama kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa.

Leo nataka kumwomba radhi rubani yule. Njia nzuri ya kumwomba radhi ni kueleza kazi aliyokuwa anaifanya, tangu ndege inapoanza kutambaa ardhini mpaka inapogusa tena ardhi. Sehemu hizo mbili, mwanzo wa safari na mwisho wake, huchukua dakika chache tu, lakini ndizo zenye ajali nyingi kuliko saa zote za kukaa angani.

Tuanze na kutambaa. Ndege inapotoka mahali pa kupakia abiria huenda polepole kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia. Abiria hudhani huo ni muda wa kupoteza. Sivyo. Hapo rubani anajaribu breki na usukani, na anatazama kama dira na vipimo vyake vinakubaliana. Katika ndege ndogo hata upepo anaupangia mkono wake, maana upepo wa ubavuni unaweza kuinua bawa ndege ikiwa bado chini. Isitoshe, kabla ya njia ya kurukia pana mstari wa kusimama. Penye mwongozaji wa ndege, rubani havuki mstari huo bila ruhusa, na ruhusa akipewa huirudia kwa sauti neno kwa neno.

Kwa nini airudie? Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana juu ya njia moja penye ukungu. Moja ilikuwa imeanza kukimbia ili ipae, nyingine bado inatambaa mbele yake. Watu 583 walikufa. Katika mazungumzo ya redio kila upande ulidhani umeelewana na mwenziwe. Tangu hapo ikasisitizwa kwamba neno la kuruhusu kupaa litamkwe pale tu ruhusa hiyo inapotolewa au kufutwa, na kwamba kujibu "sawa" peke yake hakutoshi. Sisi watu wa redio tunalifahamu jambo hili: lililosemwa si lazima liwe ndilo lililosikika.

Sasa kupaa. Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Kwa sababu hiyo rubani hupenda kupaa akiuelekea upepo, ili mabawa yapate hewa nyingi mapema. Kwetu kando ya Ziwa Victoria upepo una tabia yake: mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Aliyeondoka asubuhi na upepo usoni anaweza kurudi alasiri akaukuta umehama.

Kisha lipo jambo la urefu na joto. Musoma inaonekana kama mji wa pwani, lakini iko mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua la mchana huipunguza uzito zaidi. Joto likifika nyuzi 30, mabawa na injini hufanya kazi kana kwamba uwanja uko mita 2,000 hivi. Ukilinganisha na hewa ya usawa wa bahari ya nyuzi 15, ambayo ndiyo kipimo cha watengenezaji wa ndege, hapa ndege lazima ikimbie kasi zaidi kwa karibu asilimia 10 kabla haijabebeka. Inapotua nako hugusa ardhi kwa kasi hiyo iliyozidi, na breki hubeba mzigo uliozidi kwa kiasi cha moja ya tano. Ndiyo maana wakati mwingine unaambiwa mzigo wako utafuata kesho. Anayekuambia hivyo pengine amepiga hesabu ya joto, uzito na urefu wa njia.

Katika kukimbia kule ipo kasi moja ambayo rubani wa ndege kubwa huiweka akilini kabla hajaondoka. Hitilafu ikitokea kabla ya kasi hiyo, anafunga breki. Ikitokea baada yake, anapaa na kulishughulikia tatizo akiwa juu, kwa sababu njia iliyobaki haitoshi kusimama. Uamuzi huo hufanywa mapema, ndege ikiwa bado imetulia, maana wakati wa hatari hakuna nafasi ya kushauriana.

Na kabla ya yote ipo orodha ya ukaguzi, inayosomwa kila safari hata kama rubani ana nywele nyeupe. Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya shirika la Lufthansa ilipaa kutoka Nairobi vile vibawa vya mbele, vinavyosaidia kubeba ndege ikiwa na mwendo mdogo, vikiwa havijafunguka. Ilinyanyuka kidogo, ikashindwa kupanda, ikaanguka. Kati ya watu 157 walikufa 59. Marubani wale hawakuwa wanagenzi. Orodha inasomwa kwa sababu kichwa cha binadamu husahau.

Tuje kwenye kutua, hapo tulipomwita mwenzetu mwoga. Ndege kubwa huja chini kwa mteremko mdogo, kiasi cha kushuka mita 50 kwa kila kilometa moja ya kwenda mbele. Viwanja vingi vina taa nne kando ya njia zinazompa rubani habari. Akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawa. Zote zikiwa nyeupe, yuko juu mno. Zote zikiwa nyekundu, yuko chini mno, na penye ziwa maana yake ni kwamba maji yako karibu. Usiku hatari huongezeka: juu ya maji meusi yasiyo na taa, macho humdanganya rubani kwamba yuko juu kuliko alivyo, naye huteremka zaidi.

Kanuni ya kazi hiyo ni moja. Kabla ya kufikia kimo kilichopangwa, kasi iwe sawa, mteremko uwe sawa, magurudumu yawe nje, na njia ionekane. Kimoja kikikosekana, anapandisha ndege na kwenda kuzunguka upya, au anakwenda uwanja mwingine. Kughairi kutua ni sehemu ya kazi, na marubani huifanyia mazoezi.

Hata kuiona njia hakutoshi; lazima iwe ndiyo yenyewe. Tarehe 18 Desemba 2013 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 767 iliyokuwa inakwenda Kilimanjaro, ilitua Arusha, uwanja mdogo ulio umbali wa kilometa 50 hivi. Njia za viwanja vyote viwili zina namba zile zile, 09 na 27, kwa kuwa namba ya njia ni mwelekeo wake wa dira, na zote mbili zimelala mashariki na magharibi. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa, ila ndege iliishia majanini.

Bukoba hatukubahatika hivyo. Tarehe 6 Novemba 2022, katika hali mbaya ya hewa, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliingia ziwani ikikaribia kutua. Walikuwamo watu 43. Walikufa 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Waliookoka, 24, wanajua deni lao kwa wavuvi waliowahi na mitumbwi. Sitawahukumu marehemu. Nasema tu kwamba tangu siku ile, nikikumbuka ndege yetu ilivyoinua pua juu ya Musoma, mwili hunisisimka.

Nimalizie na sisi tunaobaki chini. Uwanja wa Musoma uko ndani ya mji. Kwa miaka mingi njia yake ilikuwa ya changarawe, na katika miaka hii ya 2020 imefanyiwa kazi kubwa ya kuwekwa lami. Lami ni jambo jema, lakini haimfukuzi ng'ombe, haimzuii mwenye baiskeli anayetafuta njia ya mkato, wala haizoi takataka. Tarehe 15 Septemba 1988 huko Bahir Dar, Ethiopia, mji ulio kando ya ziwa kama wetu, Boeing 737 ilivamiwa na njiwa wakati inapaa. Waliingia katika injini zote mbili. Kati ya watu 104 walikufa 35. Anayemwaga matumbo ya samaki karibu na uwanja anawaita kunguru na korongo mezani, na meza hiyo iko kwenye njia ya ndege.

Kwa hiyo, msomaji, tusikatize njia ya ndege na tusitupe uchafu jirani yake. Na siku rubani atakapokuambia "tunarudi Mwanza", usimpigie kelele, hata kama unawahi mazishi. Mimi nilichelewa kutupa udongo kaburini, lakini nilipata nafasi ya kuwapa mkono wafiwa nikiwa mzima. Wahenga walisema kawia ufike, na walisema kabla ya kuiona ndege.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.