Tufani ya mbali inavyoweza kudhuru afya yako

Msomaji, ukiambiwa kwamba tufani ya baharini inaweza kumdhuru mtu wa Meru au Embu, pengine utacheka. Miji hiyo iko chini ya Mlima Kenya, mbali kabisa na pwani. Lakini kabla hujafunua ukurasa mwingine, kumbuka mwanzo wa mwaka wa 2020, nzige wa jangwani walipotua Meru, Tharaka Nithi na Embu. Wadudu hao waliletwa na tufani.

TUFANI HUZALIWAJE?

Tufani huanzia juu ya bahari iliyopata joto la nyuzi 26 hivi au zaidi. Maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda, kisha hupoa na kuwa mawingu. Unapopoa hutoa joto, na joto hilo huvuta hewa nyingine kutoka chini. Mzunguko wa dunia ndio unaoifanya hewa hiyo izunguke kama pia.

Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni hafifu mno, kwa hivyo ni nadra tufani kuzaliwa hapo. Ikweta inapita karibu na mji wa Meru, nayo Embu iko nusu digrii tu kusini yake. Upepo wa tufani hautufikii. Mvua yake, hata ikinyesha kwa wenzetu, ni jambo jingine.

KUTOKA OMAN HADI MBEERE

Mwezi wa Mei 2018 tufani iliyoitwa Mekunu ilipiga kusini mwa Oman, karibu na mji wa Salalah. Oktoba mwaka huo huo ikafuata Luban, iliyoingia Yemen. Mvua ikanyesha hadi katika jangwa kuu la Arabuni, mahali pasipo na watu wa kuona yaliyokuwa yakitokea.

Nzige hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu, na watoto wao, yaani tunutu, huhitaji majani mabichi. Walipata vyote viwili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba kwa miezi tisa waliongezeka mara 8,000. Yemen, iliyokuwa vitani, haikuweza kuwadhibiti. Wakavuka hadi Ethiopia na Somalia, na Desemba 2019 tufani nyingine, Pawan, ikainyeshea Somalia. Mwishoni mwa mwezi huo wakaingia Kenya. Uvamizi kama huo ulikuwa haujaonekana nchini kwa miaka 70.

AFYA INAHUSIKAJE?

Kwanza ni chakula. Kundi la nzige lililoenea kilomita mraba moja laweza kumaliza kwa siku chakula cha watu 35,000. Anayeumia mapema ni mwenye shamba moja la mtama, kunde na ndengu huko Mbeere au Tharaka, asiye na akiba wala mshahara. Wewe wa mjini utaongeza shilingi sokoni. Yeye atapunguza sufuria. Mtoto wa chini ya miaka mitano akikosa lishe hukonda au huvimba miguu, na ugonjwa wa kuhara au surua humlemea upesi.

Pili ni dawa. Baadhi ya dawa za kuua nzige, kama fenitrothioni, huvuruga mishipa ya fahamu. Mtu aliyedhurika hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, mboni za macho husinyaa, hutetemeka na kupumua kwa shida.

UFANYE NINI?

1. Dawa ikinyunyizwa, waondoe watoto na mifugo mahali hapo. Funika visima na mitungi ya maji.

2. Usile wala kuwalisha kuku nzige waliookotwa mahali palipopigwa dawa. Kuchoma au kukaanga hakuondoi sumu.

3. Usichume mboga kabla ya siku zilizotajwa na afisa wa kilimo. Kisha zioshe kwa maji mengi.

4. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo na kuoshwa kwa sabuni. Anayemsaidia ajikinge mikono. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, ukichukua jina la dawa.

5. Mtoto anayekonda apelekwe zahanati apimwe mkono na uzito mapema, kabla hajalemewa.

Nzige wakija hawapigi hodi, lakini tufani inayowazalisha hutangazwa redioni miezi mingi kabla. Ukisikia imepiga Arabuni au Somalia, usiseme hayo ni mambo ya wenyewe. Mpigie mama simu kule Siakago au Tigania. Muulize ghala lina nini, na mvua ijayo asiuze gunia la mwisho la ndengu.