Shemeji wa Magunia Matupu

Ndugu zetu wa Visiwani wanaodhani kuwa shemeji mjuvi ni wa pwani tu, na wapande hadi Sumbawanga. Katika nyanda za juu za Ufipa tumemwona mmoja. Nyasi zilipokuwa zikifukiwa katika vilima vya udongo, ambavyo Wafipa huviita intumba, ili zioze ziwe mbolea, hakuonekana. Ulezi ulipoiva, huyo! Akateremka basini na magunia manne matupu kudai haki ya marehemu kaka yake: ulezi, na mjane juu yake.

Wazee wakamwuliza alilima wapi. Akajibu kuwa jembe lilikuwa la kaka. Watu wakacheka, mjane hakucheka.

Tangu 1971 Sheria ya Ndoa ya Bara imemwacha mjane huru kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa. Maofisa wanaijua, je, wamekwisha kuisoma mbele ya mashemeji?

Mwishowe mheshimiwa akalalama kwamba magunia ni ya kuazima, hawezi kuyarudisha matupu.

“Shemeji,” akasema mjane, “nyasi za kufukia zipo tele. Jaza.”