Viputo vya gesi vyabeba jeni hadi kwenye saratani

Mwanamke wa Mabwerebwere, wilayani Kilosa, aghalabu huijua ultrasaundi kwa jambo moja, nalo ni ujauzito. Mawimbi yale yanayomwonyesha mtoto tumboni ni sauti tu, kali mno hata sikio la mwanadamu haliisikii. Kwa sauti ya namna hiyo hiyo wataalamu wanajaribu kuingiza jeni ndani ya uvimbe wa saratani.

Jeni ni maagizo yanayoiongoza seli. Katika saratani baadhi ya maagizo hayo yameharibika, na seli huzaliana bila kikomo. Kuipelekea agizo jipya la kuizuia ni rahisi kusema. Taabu ni mlango wa kuingilia. Njia iliyotumiwa zaidi ni virusi vilivyoondolewa makali. Mwaka 1999 huko Marekani kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, aliyekuwa katika majaribio ya tiba ya jeni kwa maradhi ya ini, alifariki siku 4 baada ya kudungwa virusi hivyo.

Ndipo vikaja viputo. Kiputo ni tone la gesi lililofunikwa ganda jembamba la mafuta au protini, na udogo wake wakaribia ule wa seli nyekundu ya damu, hivyo hupita mishipani bila kukwama. Jeni hubandikwa juu ya ganda. Mawimbi yakielekezwa penye uvimbe, viputo hutanuka na kunywea mara milioni moja au zaidi kwa sekunde, hata vikapasuka. Utando wa seli jirani hutoboka kwa kitambo kidogo, jeni ikapenya.

Je, huku si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 1998, liliruhusu kutumia elimu ya jeni kukinga na kutibu maradhi, maadamu hayaletwi madhara makubwa zaidi. Na jeni za tiba hii hukusudiwa uvimbe tu, si kurithiwa na watoto.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii imefanywa kwa panya. Huko Bergen, Norway, wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho walitibiwa kwa viputo na ultrasaundi, na taarifa yao ya mwaka 2016 ilionyesha waliishi muda mrefu kuliko waliolinganishwa nao. Lakini walichopewa ni dawa ya kawaida ya saratani, si jeni. Tena watu 10 ni wachache mno.

Basi anayemwambia mgonjwa wa Kilosa kuwa ultrasaundi ya zahanati yake huyeyusha uvimbe, anamuuzia upepo. Tiba iliyopo ni upasuaji, dawa na mionzi, kama itolewayo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako wengi hufika maradhi yakiwa yamekwisha kuenea. Mwanamke anayetokwa damu nje ya siku zake aende hospitali ya wilaya wiki hii hii, achunguzwe mlango wa kizazi. Na binti yake wa miaka 9 hadi 14 apelekwe akapate chanjo, ambayo tangu 2024 ni dozi moja tu.