Mtoto Akiumia Kichwa Jibondo: Nani Avushwe Kupigwa Picha?

Jibondo, kisiwa cha mawe ya matumbawe kilichomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, kinasifika kwa mafundi wake wa mashua na majahazi, na mtoto anayeteleza kutoka ubavuni mwa chombo kinachoundwa pwani huweza kuangukia mwamba badala ya mchanga. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake, ndiyo maana aghalabu hutangulia kufika chini, ilhali fuvu lake bado ni jembamba.

Eksirei huonyesha mfupa uliopasuka, lakini haionyeshi damu iliyovujia ndani, wala fuvu kuwa zima si hakikisho kwamba ubongo umesalimika. Damu hiyo huonekana kwa CT, mashine ya mionzi inayokizunguka kichwa na kukusanya vipimo vingi ambavyo kompyuta huviunga kuwa picha za ubongo, tabaka kwa tabaka. Mgonjwa wa kwanza alipimwa kwayo London mwaka 1971. Katika picha hizo damu mbichi huwa nyeupe: iliyo kati ya fuvu na utando mgumu wa ubongo hutuna kuelekea ndani, na iliyo chini ya utando huo hutandaa kwa umbo la hilali. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi haujafunga, ultrasaundi huweza kupitishwa hapo, ingawa damu ya pembezoni huikwepa kirahisi.

Si kila aliyeanguka anahitaji CT, kwani mionzi yake huongeza kidogo uwezekano wa saratani siku za usoni. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watoto 42,412 walioumia kichwa wakiwa bado na fahamu nzuri, na 376 tu, chini ya mmoja katika kila mia, ndio waliokuwa na jeraha zito la ubongo. Wanaohitaji picha bila kusita ni wenye fahamu iliyovurugika, wenye fuvu linaloonekana au kuhisika kuvunjika, na wanaovilia damu nyuma ya sikio au kutokwa na majimaji maangavu puani au sikioni. Aliyetapika, aliyezimia kidogo au aliyeanguka kutoka juu sana anaweza kuangaliwa kwanza kwa saa kadhaa.

Kwa Jibondo tofauti hiyo ina uzito wa pekee, maana mgonjwa huvushwa kwa mashua hadi Utende, akapelekwa kwa gari hospitali ya wilaya Kilindoni, na akihitaji mpasuaji wa ubongo husafirishwa kwa ndege, au kwa boti kupitia Nyamisati, mpaka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Kinachotatiza ni kwamba mtoto mwenye mshipa uliopasuka chini ya fuvu huweza kuzinduka, akacheza, kisha akalegea baada ya saa chache. Kulala kwenyewe si hatari, kama wengi wanavyohofu; hatari ni kutoamshika. Mama aliyeshika saa ya kuanguka na idadi ya matapishi anampa tabibu kipimo cha kwanza, na dalili zikizidi jioni, safari hupangwa kabla maji hayajakupwa na mashua kukwama.