Kuhamia Mahali Pageni Ukiwa Huli Ngano

Vuta kiti, na kama una jirani anayelalamikia tumbo kila mara, mwite naye asikilize.

Leo tunazungumzia watu ambao miili yao haikubali ngano, hasa wale waliolazimika kuhama. Labda umepata uhamisho kazini, umeolewa, au umekwenda kutafuta riziki mji mwingine. Kule ulikotoka, mama alijua chakula chako, majirani walikuzoea, na mwenye hoteli alikuletea ugali badala ya chapati bila kuulizwa. Sasa uko mahali ambapo hakuna anayekujua. Utakula nini? Na utamweleza nani?

Gluteni ni nini?

Gluteni ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri, na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike ukikandwa na mkate uumuke. Watu wengi huila bila madhara yoyote. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili hupigana nayo, na vita hivyo huumiza utumbo mwembamba. Kuta za utumbo huo zimejaa vijinyuzi vidogo mno, mfano wa taulo, ambavyo hufyonza chakula na kukipeleka kwenye damu. Vijinyuzi hivyo vikilika, chakula hupita tu. Mtu anakula, lakini mwili unabaki na njaa.

Dalili zake ni kama kuhara kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, uchovu, vidonda vya mdomoni, na upungufu wa damu usioponywa na vidonge. Mtoto anaweza kudumaa. Wengine hupata upele unaowasha sana viwikoni na magotini. Wengine tena hawaumwi na tumbo hata kidogo, kumbe mifupa inadhoofika polepole.

Duniani, karibu mtu 1 katika kila watu 100 ana ugonjwa huu, na wengi hawajui. Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba miongoni mwa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Aliyetambua kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Katika njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, mkate uliadimika nchini mwake, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Hadi leo tiba ni ile ile: kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Kabla ya kufunga mizigo

Kama umeshapimwa, omba hospitali yako ikuandikie barua na kukupa nakala za majibu ya vipimo. Daktari mpya hatalazimika kuanza upya, na mwajiri au mwalimu mkuu ataelewa haraka zaidi akiona barua kuliko akisikia maelezo ya mdomo.

Kama hujapimwa na unashuku tu, usiache ngano kabla ya kumwona daktari. Kipimo cha kwanza ni cha damu, na ukiwa umeacha ngano kwa muda mrefu, damu inaweza kuonyesha kwamba huna ugonjwa kumbe unao. Baadaye daktari anaweza kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa mrija unaopitishwa mdomoni. Na ukipatikana na ugonjwa, waambie ndugu zako wa damu nao wapimwe, kwa maana karibu 1 kati ya 10 wa watu wa karibu kama wazazi, ndugu na watoto huwa nao.

Chakula kipo

Wengi wakiambiwa waache ngano hukimbilia supamaketi za Nairobi au Mombasa kutafuta mkate maalum, wakaona bei, wakakata tamaa. Msikilizaji, huhitaji mkate huo. Vyakula vingi tulivyorithi havina gluteni kabisa: mahindi, mtama, wimbi, mawele, mchele, muhogo, nduma, viazi vitamu, ndizi, maharagwe, ndengu, kunde, mbaazi, njugu, mboga, matunda, maziwa, mayai, nyama na samaki. Githeri, mukimo, wali kwa ndengu, ugali kwa sukuma wiki na omena, hivyo vyote ni chakula chako.

Lakini kila eneo lina mtego wake. Ukihamia Pwani, mahamri, kaimati na sambusa ni ngano, na viazi karai mara nyingi hupakwa unga wa ngano. Kitumbua ni cha mchele, ila muulize mpishi kama ameongeza unga mwingine. Ukienda Garissa au Wajir, nyama, wali na maziwa ya ngamia vitakufaa, lakini pasta ni ngano, na anjera mara nyingi huchanganywa nayo. Kisumu, samaki wa kukaanga huweza kupakwa unga, au mafuta yakawa yale yale yaliyokaanga mandazi. Agiza wa kuchemsha au wa kuchoma. Ukipelekwa Narok, Uasin Gishu au Nakuru, kumbuka kwamba huko ngano hulimwa kwa wingi, na watu wengine huisaga karibu na nyumbani.

Vitu vya pakiti navyo vina siri zake. Soseji, sosi ya soya, viungo vya mchuzi na vinywaji vya kimea vinaweza kuwa na ngano au shayiri. Bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri. Oti haina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi huchanganyika nayo shambani na kiwandani. Maandishi ya pakiti kwa kawaida huwa ya Kiingereza, kwa hiyo jifunze kuyatambua maneno manne: wheat, barley, rye na malt. Ukiona mojawapo, rudisha pakiti mahali pake.

Kisiagi

Hapa ndipo wengi huumia bila kujua. Umenunua wimbi safi, ukalipeleka kwenye mashine ya kusaga, yaani kisiagi. Aliyekutangulia alisaga ngano. Unga wake uliobaki ndani ya mashine umeingia katika wimbi lako.

Je, hicho kidogo kina neno? Kina. Kwa mgonjwa wa siliaki, miligramu 50 za gluteni kila siku zinatosha kuumiza utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina kama miligramu 2,000 au zaidi. Kwa hiyo makombo tu yanaweza kukudhuru. Kwa sababu hiyo kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kila kilo.

Basi ukifika mtaa mpya, zungukia visiagi vyote vilivyo karibu. Usimuulize mwenye mashine, "Unasaga vizuri?" Muulize, "Hapa mnasaga ngano?" Tafuta ambaye hasagi ngano kabisa. Ukimpata, mweleze kwa nini, na uwe mteja wake wa kudumu. Ukimkosa, kusaga mahindi ya mtu mwingine kwanza ili kusafisha mashine hupunguza hatari, lakini hakuiondoi. Ni afadhali kutumia kinu cha mkono nyumbani, au kutegemea zaidi mchele, viazi na ndizi zisizohitaji kusagwa. Nafaka ya sokoni ichambue kwenye uteo, uondoe punje ngeni, uioshe na kuianika kabla ya kusaga.

Unga wa mahindi wa pakiti nao una swali lake, kwa sababu kampuni nyingi husaga mahindi na ngano pia. Piga simu nambari iliyo kwenye pakiti uulize kama mashine ni tofauti. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, uongezwe madini ya chuma na vitamini. Ukijisagia mwenyewe, nyongeza hiyo huipati, kwa hiyo usikose mboga za majani kama managu na terere, maharagwe, omena na nyama.

Kama unaishi na watu wanaokula chapati, uwe na sufuria yako, mwiko wako na chombo chako cha unga chenye kifuniko. Kibao cha kusukumia chapati usikitumie. Chakula chako kipikwe kwanza, au kiwekwe mbali unga wa ngano unapopepetwa.

Watu ni sehemu ya dawa

Msikilizaji, mgeni aliyekonda na asiyekula kwa watu husemwa haraka. Mmoja atasema anaringa. Mwingine atasema anaogopa kurogwa. Mwingine atanong'ona kuhusu ukimwi. Ukikaa kimya, maneno hayo yatakushinda, na siku moja kwenye matanga au harusi utakula chapati ili tu usionekane mbaya. Pengine hutaumwa siku hiyo, lakini utumbo utakuwa umeumia.

Kwa hiyo sema mapema, kabla ya kupakuliwa. Unaweza kumwambia mwenyeji wako hivi: "Mama, asante sana kwa kunikaribisha. Tumbo langu lina ugonjwa, haliwezi ngano hata chembe, na daktari amenikataza. Lakini viazi na mboga zako nitakula kwa furaha." Umekataa kitu kimoja, umekubali viwili. Mwenyeji hatasikia kwamba umemdharau. Ukiongeza kwamba ugonjwa huu hauambukizi, utakuwa umezima minong'ono.

Ukijiunga na chama, jitolee kuleta chakula zamu ya kwanza. Pika nduma, viazi vitamu na uji wa wimbi. Wenzako wakila na kufurahi, wataona kwamba chakula chako si kigeni, na zamu zijazo watakukumbuka.

Ili kupata wenye hali kama yako, anza na hospitali ya kaunti. Muulize mtaalamu wa lishe kama ana wagonjwa wengine wa siliaki, na umwachie nambari yako ya simu awape wakikubali. Uliza pia kliniki ya kisukari, kwa sababu wenye kisukari cha aina ya kwanza hupata siliaki zaidi kuliko watu wengine. Hata mkiwa wawili tu, mnaweza kuelezana kisiagi salama na hoteli inayoaminika. Mkiwa familia nne au tano, mnaweza kuchanga na kununua mashine ndogo yenu.

Kama mwenye ugonjwa ni mtoto, nenda shuleni mwenyewe na barua ya daktari. Zungumza na mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, na zaidi ya wote, mpishi. Ugali, wali na githeri za shule zinaweza kumfaa, lakini mkate wa asubuhi na mandazi ya kantini hapana. Mpe mtoto viazi vitamu au njugu za kubeba, na umfundishe kusema, "Asante, hiyo siwezi kula." Mtoto anayeona haya hubadilishana chakula na wenzake kwa siri, na hapo ndipo kukua kwake kunaposimama.

Kanisani pia kuna jambo la kuuliza. Hostia ya Wakatoliki hutengenezwa kwa ngano. Mwaka 2003 Vatikani ilieleza kwamba muumini asiyeweza kula ngano anaweza kupokea komunyo kwa divai peke yake. Mwone paroko kabla ya Misa, na umwombe kikombe ambacho hakijatiwa kipande cha hostia. Wa makanisa mengine, zungumzeni na mchungaji wenu.

Tukumbushane

Kabla hatujaagana, turudie kwa ufupi. Moja, hama na barua na majibu ya vipimo. Mbili, wiki ya kwanza tafuta kisiagi kisichosaga ngano. Tatu, soma pakiti, na uliza unga na mafuta ya kukaangia kabla ya kula hotelini. Nne, mweleze mwenye nyumba, majirani na mwalimu kabla hawajaanza kukisia. Tano, jiandikishe katika hospitali ya kaunti, upimwe uzito na damu kama daktari atakavyopanga, hata ukijisikia mzima.

Nawe msikilizaji usiye na ugonjwa huu, mgeni akihamia katika ploti yenu na akakataa chapati yako, usinune. Muulize anakula nini, kisha umwekee kiazi.

Hadi wiki ijayo, wakati kama huu, nakutakia afya njema. Kwaheri.